Gauni Lililobaki Goma

Abiria wengine walikuwa wameshaondoka na mizigo yao. Mimi nilikuwa bado nimesimama katika uwanja wa ndege wa Kavumu, nikiangalia katoni moja iliyofungwa kwa kamba. Haikuwa yangu. Niliizunguka mara mbili, kana kwamba valizi yangu ingeweza kujificha nyuma yake. Ilikuwa Jumatano, miaka michache iliyopita, wakati ndege kutoka Kinshasa zilikuwa bado zinatua pale. Nilikuwa narudi nyumbani baada ya miaka miwili ya masomo huko Morocco, na nilikuwa njiani tangu Jumatatu.

Mfanyakazi mmoja alikuja kuchukua ile katoni. "Tonton, hakuna kintu kingine," aliniambia. "Ndege imekwisha kutapika yote."

Nguo zangu hazikuniumiza. Viatu pia, hata zawadi za wadogo zangu. Kilichonifanya nishindwe kutoka pale ni pakiti moja iliyokuwa ndani ya valizi, ya karatasi ya rangi ya udongo, iliyoshonwa pembeni kwa uzi. Haikuwa yangu. Na haikupaswa kuwa ndani ya valizi.

Nyumbani kwetu ni Muhumba, mtaa wa Bukavu. Nyumba ya pili ukishuka ngazi inakaa mama mmoja aliyefiwa na mume wake mwaka ule uliotangulia. Binti yake wa pekee alikuwa Rabat kama mimi. Baba yake alipokufa, karatasi zake za kukaa kule zilikuwa hazijatoka. Angeondoka, asingerudi tena. Alifuata mazishi kwenye simu, na picha ilikatika kabla ya jeneza kufika makaburini. Tangu siku ile hakupenda tena kuongea juu ya baba yake. Alianza kushona. Alinunua kitambaa cha rangi ya majani ya chai, akashona gauni kwa ajili ya mama yake, na shingoni akatia nakshi kwa mkono, usiku baada ya kazi, miezi mitatu.

Kwetu, mjane huvaa nyeusi mwaka mzima. Mwaka ukitimia, inasomwa misa, kisha watu wanarudi nyumbani, na dada wa marehemu anaingia chumbani na mjane, anamvua ile nyeusi kwa mikono yake mwenyewe na kumvika nguo mpya. Nguo hiyo huletwa na watoto. Mjane akitoka mlangoni nayo, kilio kimekwisha. Anaweza kucheka mbele ya watu, anaweza kwenda arusini. Siku ya mama huyu ilikuwa Jumamosi ile ile.

"Sikuwako kwa kumuzika papa," binti aliniambia huko Rabat akinipa pakiti. "Hii robe ndiyo mimi. Ubebe mu mukono. Usiiweke mu valise, tafazali."

"Nakuahidi," nilisema. Nakumbuka hata nilikasirika kidogo moyoni, kwamba aliona haja ya kuniambia mara mbili.

Hadi Kinshasa niliibeba mkononi. Pale Kinshasa, kabla ya kupanda ndege ya Kivu, walipima pia mfuko wangu mdogo. Ulikuwa mzito. Nilipiga magoti sakafuni nikaufungua mbele ya watu wote. Mlikuwa na kompyuta, pakiti, na nakala tatu za tasnifu yangu, zenye jalada gumu jeusi na jina langu kwa herufi za dhahabu. Moja ilikuwa ya baba yangu, moja ya chuo nilikosoma zamani. Ya tatu hata leo sijui ilikuwa ya nani. Tasnifu yote ilikuwa pia ndani ya kompyuta. Ningeweza kuziacha pale pale nisipoteze neno hata moja.

Nikatoa pakiti. Nikaisukuma ndani ya valizi.

Nimejitetea mara nyingi juu ya dakika ile. Nimesema nilichoka, nimesema watu walinisukuma, nimesema hakuna aliyewahi kupoteza mzigo wangu. Hakuna hata moja inayosimama. Ukweli ni kwamba mikono yangu ilichagua kabla yangu, na ilichagua jina langu.

Sasa valizi ikawa nzito kupita kiasi. Mzee mmoja mwenye kofia, aliyekuwa mbele yangu na kimfuko kidogo tu, aligeuka akaniona jinsi nilivyokuwa natoka jasho.

"Petit, leta hapa. Mimi niko na kilo za bure."

Katika viwanja vyetu watu hukopeshana kilo kama majirani wanavyokopeshana chumvi. Valizi iliandikwa kwa jina lake, na kile kikaratasi cha mzigo kilibandikwa kwenye tiketi yake. Nilimshukuru sana. Sikumuuliza jina, na sikumuuliza anakwenda wapi. Mimi ambaye hufunga mlango na kurudi mara tatu kuangalia kama umefungwa, nilimpa mtu nisiyemjua valizi yenye gauni la mjane, kwa sababu nilidhani kila mtu katika ndege ile anakwenda Bukavu.

Ndege ilitua kwanza Goma. Kupitia dirishani nilimwona yule mzee akishuka na kimfuko chake, nikampungia mkono. Nilifikiri anakwenda kunyoosha miguu. Mlango ulipofungwa na kiti chake kikabaki kitupu, ndipo nilipokumbuka valizi iko kwa jina lake. Nilinyoosha mkono nusu, kama mwanafunzi asiye na hakika ya jibu. Mhudumu alisema, "Mukae, mufunge mukaba." Nikakaa. Nikafunga mkanda. Nikajiambia kwamba labda mizigo hufuata ndege na haifuati watu. Nilijua kwamba si kweli.

Basi ndivyo nilivyofika Kavumu. Njia yote hadi mjini nilitunga sentensi. Tulipopita kijiji cha Miti nilikuwa na moja nzuri, ya kweli tupu: Mama, nilitoa pakiti mkononi ili nibebe vitabu vyangu. Tulipoingia mjini nilikuwa nimeikata vipande hadi haikusema kitu.

Mjane alikuja kwetu jioni ile ile na sahani ya sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa letu, amevaa nyeusi, kitambaa cheusi kichwani. Alinishika mashavu.

"Mutoto wangu amenenepa? Anakula?"

"Anakula, maman."

"Banasema kule beko banakula mukate tu."

"Anapika bugali mwenyewe, maman. Anatualikaka."

Alicheka kwa kuziba mdomo, jinsi wanavyocheka wenye kilio. Halafu akaniangalia, na niliona kwamba alikuwa amejizuia tangu mlangoni asiulize.

"Alikupatia kintu?"

"Ndiyo, maman. Iko mu valise. Valise ilichelewa kidogo. Itakuja kesho."

Mama yangu mzazi, aliyekuwa anamimina chai, aliniangalia haraka. Ananijua. Nikisema jambo bila kulizunguka, huwa ni uongo.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwenye ofisi ya shirika la ndege, mjini. Alikuwepo mama mmoja mwenye miwani, na kikombe chake cha chai kilikuwa kimefunikwa na daftari.

"Onyesha kikaratasi ya muzigo."

"Kilipotea, maman."

Alitafuta jina langu katika mashine yake, polepole, kwa kidole kimoja. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Papa, humu unaandikwa bila muzigo. Kilo sifuri. Ulitoka Ulaya mikono mitupu?"

"Morocco, maman. Labda walikosea kuandika."

"Aah, labda." Aliandika: valizi ya kijivu, utepe wa kijani. "Tutauliza Kinshasa. Rudia kesho."

Ningeweza kusema pale pale. Hapakuwa na mtu mwingine ofisini. Lakini nilikuwa nimeshasikia kwamba ni kosa kuandikisha mzigo kwa jina la mwingine, na kichwani mwangu kosa lile lilikua mpaka likawa na askari na mlango wa chuma. Nikaacha waitafute Kinshasa valizi niliyojua ilishukia Goma. Mchana ule mjane alinipigia simu mara moja tu, aliuliza kama nimepumzika vizuri baada ya safari. Hakutaja gauni. Ingekuwa nafuu kama angelitaja.

Ijumaa saa tisa nilirudi ofisini. Kinshasa walikuwa wamejibu kwamba hakuna valizi yoyote iliyobaki. Mama mwenye miwani alinisomea jibu hilo kwa sauti ya huruma, na huruma ile ndiyo iliyonivunja. Nikamwambia yote: mzee mwenye kofia, kilo za bure, Goma.

Alivua miwani. "Yani ule mutu ulimuoa kwa kilo, na haukumuuliza jina?"

"Ndiyo, maman."

"Na ulinifanya niandikie Kinshasa siku mbili?"

"Ndiyo, maman."

Alipiga simu Goma. Hakusema hata dakika mbili. Nilimsikia anacheka, kisha akafunika simu kwa kiganja.

"Valise ya kijivu, mukanda ya kijani. Iko pale tangu mercredi, siku ile ulifika. Muzee aliiacha ku biro yetu ya kule, akasema mwenyewe atapiga simu. Wale ba Goma banaiita muyatima." Aliendelea kusikiliza. "Boti ya leo imekwisha kutoka. Ungesema jana, saa hii ungekuwa nayo. Wataitia mu boti ya kesho asubui. Saa sita unaipata ku bandari."

Ungesema jana. Alilisema bila ubaya, huku anachukua kikombe chake. Nililibeba hadi nyumbani.

Jioni nilipita kwa mjane. Uwani walikuwa wanapanga viti vya plastiki, na wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa ameshafika kutoka Miti. Mama mfupi, mzee, mwenye goti bovu, aliyevaa vikwembe viwili, vitenge vya kufunga kiunoni, kama wamama wa zamani, kimoja juu ya kingine. Nilimwambia mjane valizi ilishuka Goma kwa bahati mbaya na inakuja kesho na boti, saa sita. Yote yalikuwa kweli isipokuwa ile bahati.

"Saa sita ni muzuri," alisema. "Misa inamalizika saa tano. Tutangoja kidogo."

Wifi alisema kitu kwa Kimashi, wanawake wakacheka. Nilimuuliza mama yangu baadaye. Alikuwa amesema: siku hizi hata nguo zinapanda ndege, zinatembea Goma kusalimia watu.

Jumamosi sikwenda misani. Saa tano nilikuwa bandarini. Saa sita ziwa lilikuwa tupu. Saa saba karani wa boti alisema waliondoka Goma kwa kuchelewa, upepo. Saa saba na nusu alisema ni mashine. Nilimpigia mtu wa ofisi ya ndege ya Goma, akasema wametoka karibu na saa tano. Hata mtu asiyejua hesabu angeona kwamba boti ile haifiki kabla ya saa kumi na moja.

Nilipanda Muhumba kwa miguu, karibu nakimbia. Chini ya hema uwani, watu walikuwa wamekaa na sahani tupu mapajani. Chakula kilikuwa kimefunikwa. Hakuna anayekula kabla mjane hajatoka chumbani. Wazee wa upande wa marehemu walikuwa wameanza kunong'ona, na mmoja alisema kwa sauti, makusudi, "Kwetu, mwanamuke anayekawia kutoa nyeusi, iko na sababu." Wengine wakatazama chini.

Mama yangu alinipokea kwenye ngazi. "Wifi anapaswa kurudi Miti," alisema. "Hawezi kulala huku tena, na gari za kule zinakuwa shida mangaribi. Ameshamuambia mara mbili, tuanze. Mujane anakatala. Anasema anakungoja wewe."

Si valizi. Mimi. Nilipita kati ya viti. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo; mjane alikuwa ameketi kitandani, mikono magotini, katika nguo yake nyeusi, na wifi alikuwa amesimama amejishika goti. Niliona wazi jambo moja ambalo siku tatu za kufikiri hazikunionyesha: mjane alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, gauni la binti yake au mikono ya wifi yake, na mimi nilikuwa namzuia asichague kwa kumwambia kila siku kwamba atapata yote mawili.

"Maman," nilisema mlangoni, "musingoje. Boti haifike mbele ya saa kumi na moja. Na haikuwa bahati mbaya." Nikasema. Pakiti, mkononi, vitabu, mzee mwenye kofia. Alhamisi na kile nilichosema ofisini. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayesoma orodha.

Mjane hakuniangalia. Aliangalia mikono yake.

"Bitabu bilifika?" aliuliza.

"Bilifika, maman."

Alitikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyeambiwa habari ya mtu wa mbali. Kisha akamgeukia wifi yake. "Tufanye," alisema.

"Na nguo?" wifi aliuliza.

Kisha yeye mwenyewe akashika fundo kiunoni mwake na kufungua kikwembe chake cha juu. Kilikuwa cha manjano, chenye kuku wa buluu, kimefifia kwa kufuliwa. Alikikung'uta mara moja hewani. Mama yangu akasema, "Mimi niko na libaya nyumbani," akapanda ngazi mbio kuchukua blauzi hiyo. Mlango ukafungwa mbele ya uso wangu.

Alipotoka alikuwa amevaa kikwembe cha wifi na libaya ya zambarau ya mama yangu, iliyompwaya mabegani. Rangi hazikupatana hata kidogo. Watu walipiga makofi. Wanawake walipiga vigelegele, na yule mzee mnong'onaji alikuwa wa kwanza kusimama kuelekea chakula. Mjane alicheka bila kuziba mdomo. Nilitaka kufurahi. Niliangalia kikwembe tu, kuku wale wa buluu, nikawaza nakshi ya miezi mitatu iliyokuwa katikati ya ziwa, chini ya magunia ya watu.

Wifi aliondoka saa tisa na nusu na kikwembe kimoja. Alipita karibu yangu, akanigusa bega kwa fimbo yake.

"Musomi," alisema. Neno hilo tu. Hata sasa sijui lilikuwa tusi au kwaheri.

Valizi niliipata saa kumi na moja na nusu. Pakiti haikuwa na mkunjo. Niliipeleka kwa mikono miwili. Uwani walikuwa wamebaki mama yangu na majirani wawili, wanasugua sufuria. Mjane alifungua uzi kwa meno, akalitoa gauni, akaliweka kifuani pake juu ya libaya ya zambarau. Lilikuwa zuri kuliko nilivyolikumbuka. Lilikuwa pia pana. Mwaka ule alikuwa amekonda, na binti alishona kwa vipimo vya zamani.

"Fundi angelipunguza jeudi, juzi," alisema jirani mmoja. Mama yangu alimkanyaga mguu, nikaona.

"Nitalivaa kesho ku misa," alisema mjane. "Nitatia pini."

Simu yake ililia. Kwenye kioo niliona uso wa binti, amevaa vizuri, nywele zimesukwa upya, kwa ajili ya siku ile. Alikuwa amengoja tangu asubuhi picha ambazo hakuna aliyemtumia. "Maman! Ulivaa? Nionyeshe!"

Mjane aligeuza simu, akanipa. "Ongea naye wewe," alisema, na hakusema kwa hasira. Akaenda kusaidia kusugua sufuria.

Nilimwambia yote kwa mara ya pili siku ile. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye mizani ya Kinshasa aliangalia pembeni, nje ya picha.

"Goma niko na rafiki," alisema nilipomaliza. "Anakaa karibu na bandari. Mercredi ungenipigia, angeitia mu boti ya kesho yake. Ungenipigia tu."

"Najua."

"Haukuogopa maman. Uliogopa mimi nitakuona namna gani."

Ilikuwa hivyo. Alipangusa uso kwa kiganja.

"Ile kikwembe ya tante iko namna gani?"

"Ya manjano. Iko na kuku za buluu. Ilififia."

"Alikubali kwenda Miti na moja?"

"Alikubali."

"Unionyeshe maman. Usiniongeleshe tena, unionyeshe yeye."

Niligeuza simu. Nilisimama karibu na bomba, mkono umenyooka, nikimshikia binti simu ili amwangalie mama yake anavyosugua sufuria kubwa ya wali, mikono ya libaya imekunjwa mpaka viwiko, akibishana na mama yangu juu ya nani aliyechoma chini ya sufuria. Hakuna aliyeongea na simu. Mkono ulianza kuniuma, sikuushusha.